Karafuu Iliyopelekwa Badala ya Barua

Ndugu wanachama, karafuu sisi twaijua kwa pishi na kwa gunia. Leo twataka kuieleza kwa kazi nyingine iliyopata kuifanya, nayo ni kupeleka salamu za siri.

Bibi mmoja Mwingereza, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi, alikaa Istanbul miaka ya 1717 na 1718. Katika barua ya mwaka 1718 alimweleza shoga yake habari ya kisanduku chenye lulu, karafuu, pea, sabuni, kaa la moto lililozimika, waridi, mdalasini na vinginevyo. Kila kitu kilikuwa na maneno yake, na kisanduku kizima kilikuwa barua ya mapenzi. Mtindo huo uliitwa selam.

Ufunguo wake ni vina. Pea kwa Kituruki ni armut, na tumaini ni umut. Basi aliyepelekewa pea ameombwa tumaini. Ni kama hapa kwetu mtu apelekewe limau, naye afahamu: usinisahau.

Na karafuu? Bibi huyo aliandika kuwa maana yake ni hii: mpendwa ni mwembamba kama karafuu, ni waridi lisilofunguka, naye anapendwa siku nyingi bila ya kujua. Twadhani aliyetunga hayo aliitazama karafuu vizuri, kwani ni ua lisilofunguka, na likishafunguka mtini sote twajua bei yake inakwenda wapi. Lakini haikuwa karafuu yetu. Wakati ule biashara yake ilikuwa mikononi mwa Waholanzi huko Maluku. Mkarafuu ulifika Unguja karne ya 19.

Barua ya wino ikikamatwa ni ushahidi. Karafuu iliyofungwa katika leso ni karafuu tu, na baba aikutaye hana la kushitakia. Sharti ni wawili wawe na ufunguo mmoja, na wengine wasiwe nao. Mwaka 1819 kilitoka Paris kitabu cha maana za maua, kwa jina la Charlotte de Latour, vikafuata vingi, na maana zikahitilafiana. Hapo siri ikawa ya kila mwenye kununua kitabu.

Mtaalamu wa Austria, Joseph von Hammer, alishikilia kuwa selam ni mchezo wa wanawake majumbani, si barua za wapenzi. Huenda, ila mchezo haukatazi barua.

Kwetu kanga husema kwa maandishi, na kikuba husema bila ya maandishi. Wanachama ambao mama zao wangali wanajua maana za asumini, mkadi na rehani, tafadhali zileteni afisini kabla ya msimu wa kuchuma. Ukishaanza, hatutapata wa kumwuliza.