Njia ya Hewa Baada ya Jeraha Butu la Shingo: Uamuzi wa Kabla ya Rufaa katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Makala haya yanaeleza namna ya kuilinda njia ya hewa ya majeruhi aliyepigwa shingoni na kitu butu, kama vile usukani wa bodaboda, kamba iliyotandwa njiani au kwato la maksai. Hoja yake ni kwamba, kwa Sumbawanga, umbali wa safari ya rufaa hauna budi kuingia katika uamuzi wa tabibu tangu mwanzo.

Jeraha hili hudanganya. Ngozi huweza kubaki nzima ilhali gegedu za zoloto, yaani kisanduku cha sauti, zimevunjika. Majeruhi huongea, pengine hutembea. Saa kadhaa baadaye uvimbe na damu iliyovilia huziba upenyo uliosalia. Dalili za kutiliwa maanani ni sauti kukwaruza, pumzi kukoroma inapovutwa, kukohoa damu, maumivu ya kumeza, na hewa iliyopenya chini ya ngozi, ambayo huchakacha ikibonyezwa. Ukali wa maumivu si kipimo cha ukubwa wa jeraha.

Mji wa Sumbawanga upo takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Kwa sababu hiyo akiba ya oksijeni mwilini huisha upesi zaidi pumzi inapokatika. Oksijeni itolewe mapema, na aliye macho aachwe katika mkao unaompa pumzi, shingo ikishikiliwa isipinde. Kumlaza chali kwa nguvu ili tu avalishwe kola huweza kumziba kabisa.

Hatari kubwa zaidi hutokana na haraka yenye nia njema: kumpa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, kisha kupitisha mpira kooni bila kuona. Misuli ikilegea, bomba la hewa lililochanika huweza kutengana, na mpira ukapenya nje yake. Kupasua utando wa mbele ya zoloto, ambako huokoa wengi katika dharura nyingine, hapa hubaki jaribio la mwisho, kwa kuwa mara nyingi ndipo palipovunjika. Lililo salama, pumzi inapoanza kubana, ni trakeostomia: kutoboa bomba la hewa chini ya jeraha kwa dawa ya ganzi, mgonjwa akiwa macho.

Kutoka Sumbawanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kupitia Laela na Tunduma, ni zaidi ya kilomita 300. Ndani ya gari la wagonjwa hakuna taa ya upasuaji wala mikono ya kutosha. Kwa hiyo majeruhi ambaye uvimbe wake unaongezeka atobolewe kabla ya kuondoka, si Tunduma. Zahanati za bondeni Muze nazo zipige simu kabla gari halijaanza kupanda Lyamba lya Mfipa, ili chumba cha upasuaji kiwe tayari. Mwenye dalili hafifu alazwe walau saa 24, muuguzi akisikiliza sauti na pumzi yake mara kwa mara, vifaa vya trakeostomia vikiwa kando ya kitanda.