Dereva, ondoa mguu kwenye ambrayaji!

Ndugu dereva, ukiisha kubadili vitesi, mguu wako wa kushoto unapumzika wapi? Kama ni juu ya pedali ya ambrayaji, unalimaliza gari lako mwenyewe. Hata uzito wa kiatu tu unaweza kulegeza diski: inateleza, inashika moto, inalika. Gari lenye moteri ya nguvu huumia upesi zaidi. Na ukisimama mlimani, vuta freni ya mkono, usilishikilie gari kwa ambrayaji. (Vijana wanaounguza diski mbele ya wasichana wajue kwamba harufu ile si marashi!)

Lakini sisi wa dispensari tunaogopa vumbi. Diski ikiisha mapema, ambrayaji itafunguliwa mara nyingi, na diski nyingi za zamani zilitengenezwa kwa amianti. Ukipuliza vumbi lile, linaingia mapafuni, mwako na mwa watoto wanaokutazama. Ugonjwa wake huweza kukawia miaka 20 na zaidi. Basi usipulize: pangusa kwa kitambaa chenye maji. Na nguo zako za kazi, mama asizikung'ute uani. Azilowanishe kwanza, azifue mbali na nguo za watoto.