Mpira ndani ya pipa la dawa: hatari ya maji kurudi bombani msimu wa korosho

Kila mwaka kuanzia Mei, fedha za mkulima wa korosho wa Masasi, Newala na Tandahimba huanza kutoka kabla hazijaingia. Zinakwenda kwenye salfa, kwenye viuatilifu vya maji vya kupambana na ubwiriunga na mbu wa mikorosho, kwenye petroli ya mashine za kupulizia na kwa vibarua. Zitarudi kuanzia Oktoba, minada ya stakabadhi ghalani inapofunguliwa.

Katikati ya miezi hiyo kuna hatari moja ambayo ni nadra kuonekana kwenye daftari la mfanyabiashara wa Chiungutwa au wa miji inayoizunguka. Ni hatari ya maji ya bomba kugeuza njia na kurudi yalikotoka, yakibeba kilichomo ndani ya pipa.

Salfa ya unga haina tatizo hapa, kwani hupulizwa ikiwa kavu. Tatizo liko kwenye dawa za kuchanganya na maji. Kibarua huweka dawa ndani ya pipa la lita 200, hutumbukiza mpira uliofungwa kwenye koki, hufungua maji na kwenda kushughulikia mashine. Muda wote mdomo wa mpira umezama ndani ya dawa. Maji yakiwa na nguvu, hakuna kinachoharibika. Yakikatika ghafla, mpira huo huo huwa mrija wa kunyonya.

Sababu yake ni rahisi, na kwenye nchi ya miinuko ni kubwa zaidi. Bomba likishuka mteremko wa mita 10, uzito wa maji yaliyomo ni karibu sawa na msukumo wa hewa yote iliyo juu yetu. Pampu inapozimika na mtu wa bondeni akafungua koki yake, maji yaliyojaa bombani hushuka kwake. Nyuma yao hubaki uwazi unaotafuta kitu cha kuujaza, na bomba la juu huvuta chochote kinachogusa mdomo wake. Mpira unaovuta lita 10 kwa dakika humaliza pipa la lita 200 kwa dakika 20. Umeme ukirudi, maji husukumwa tena mbele, na wa kwanza kuyapata ni jirani.

Uwanda wa Makonde ni kama umetengenezwa kwa ajili ya ajali ya namna hii. Maji yako chini mabondeni na watu wengi wanaishi juu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda shirika maalumu la maji la Makonde kwa sababu kina mama walikuwa wakiteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Kuanzia miaka ya 1970 Finland ilifadhili mradi mkubwa wa maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Siku hizi visima vya Mitema ndivyo tegemeo la Newala na Tandahimba, na chemchemi za Mbwinji hulisha Masasi na Nachingwea. Mfumo unaotegemea pampu kupandisha maji ni mfumo unaokatika umeme unapokatika.

Aidha, msimu wa kupulizia ndio msimu wa kiangazi. Matangi ya mvua yamekauka, kila mtu amehamia bombani, na nguvu ya maji imepungua wakati ule ule mapipa ya dawa yapo uani.

Si dawa peke yake

Mwenye nyumba ya wageni anaweza kusema kwamba yeye hapulizii korosho. Lakini wengi wa aina yake wana tangi la mvua lililochimbwa ardhini na pampu ndogo ya umeme inayopandisha maji hadi simtanki juu ya paa. Fundi akiunganisha pampu hiyo kwenye bomba lile lile linaloleta maji ya mamlaka, hapo hata maji hayahitaji kukatika. Pampu ikiwa na nguvu kuliko bomba la mtaa, maji ya tangi la ardhini yenye majani, vyura na vumbi la paa yatasukumwa hadi barabarani na kuingia kwa majirani. Waosha magari, wenye machinjio na wabanguaji wanaotumia mitungi ya mvuke wamo kwenye fungu hilo hilo.

Mifano ya gharama yake haiko mbali. Novemba 2007, katika mji wa Nokia huko Finland, nchi ile ile iliyojenga visima vyetu, valvu kati ya bomba la maji ya kunywa na bomba la maji yaliyosafishwa kutoka mtambo wa majitaka iliachwa wazi kwa takriban siku mbili. Zaidi ya lita 400,000 za maji machafu ziliingia kwenye mtandao. Mji una wakazi wapatao 30,000, na waliougua walikadiriwa kuzidi 8,000. Wakazi waliendelea kuchemsha maji hadi mwaka uliofuata. Kama mji tajiri, wenye mafundi waliosomea kazi hiyo, uliumizwa na valvu moja, ni vigumu kuona kwa nini mji wenye mgawo wa maji ujione salama.

Chicago, wakati wa maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1933, wageni wa hoteli mbili waliambukizwa kuhara damu kwa sababu ya mabomba ya maji safi na machafu kukutana ndani ya majengo. Watu 98 walikufa. Wageni walikuwa wamesharudi makwao walipoanza kuugua, na ndiyo maana hoteli zilichelewa kujua kuwa ugonjwa ulitoka kwao.

Dawa ya tatizo na bei yake

Kinga ya kwanza hainunuliwi dukani. Mdomo wa koki au mpira ubaki juu ya maji ya pipa, kwa nafasi isiyopungua mara mbili ya kipenyo cha bomba na isiyopungua milimita 25. Hewa haiwezi kupandisha dawa. Kwa bomba la inchi moja nafasi hiyo ni milimita 50, yaani upana wa vidole vitatu hivi. Kinachohitajika ni kipande cha waya cha kufunga mpira ukingoni mwa pipa.

Kinga ya pili ni valvu ya njia moja. Ni vifaa vya bei ndogo kuliko mashine yoyote ya kupulizia, lakini isichukuliwe kama uchawi. Punje ya mchanga ikikaa kwenye kiti chake, haifungi. Inafaa kati ya mita na nyumba ya kawaida. Penye sumu, nafasi ya hewa ndiyo ya kuaminiwa, au ile valvu ya viwandani yenye chumba cha katikati kinachomwaga maji nje shinikizo linapogeuka. Hiyo ni ghali na inahitaji kupimwa mara kwa mara.

Kwa pampu na simtanki, bomba la mamlaka limwage maji juu ya tangi, lisiunganishwe na pampu kabisa.

Kwa kawaida mamlaka ya maji hushughulika na bomba hadi kwenye mita, na baada ya hapo ni mali ya mteja. Kwa hiyo gharama hii ni ya mwenye biashara.

Wawekezaji wadogo nao wana sababu ya kufuatilia. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5, na ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mamlaka nyingine zikifuata njia hiyo, mnunuzi asiishie kwenye riba. Taarifa za kila mwaka za EWURA hutaja saa za huduma na kiasi cha maji yanayopotea. Bomba lenye maji saa zote halinyonyi, na bomba lililotoboka hunyonya tope kila maji yanapokatika. Takwimu hizo mbili husema mengi kuhusu mapato, na pia kuhusu usalama wa kinachouzwa.

Kuna jaribio ambalo mwenye gesti au mama lishe anaweza kulifanya bila fundi. Siku maji yanapokatika, afungue koki ya chini kabisa, kisha achovye mpira uliofungwa kwenye koki ya juu ndani ya glasi ya maji safi na kuifungua. Glasi ikipungua, koki hiyo isifungwe mpira tena mpaka valvu ipatikane.