Kibanda Kizuri kwa Sungura wa Watoto



Mashamba ya makazi yaliyoanza kugawiwa watu mwaka wa 1962 yamegawanywa tena kwa wana na wajukuu, na mahali pa kulishia ng'ombe pamepungua. Sungura hahitaji malisho mapana. Hata mtoto wa shule aweza kumtunza, asubuhi kabla ya kwenda darasani na jioni akirudi. Lakini yafaa mzazi amjengee kibanda kizuri kwanza.

Nakueleza haya maana yalinipata mimi. Binti yangu alipewa sungura jike. Nikamtengenezea sanduku, nikaliweka chini nyuma ya jiko. Sakafu ilikuwa mbao zilizobanana, mkojo haukuwa na pa kutokea, na nyasi zikaoza. Jike akazaa watoto sita. Kabla hawajafumbua macho, siafu wakaingia usiku, na asubuhi hapakuwa na mtoto hata mmoja aliye hai. Binti yangu akaniuliza, "Baba, si wewe unafanya kazi katika ofisi ya kilimo?" Sikuwa na jibu. Kila siku nilikuwa nikiwagawia wakulima karatasi za mashauri, na nyumbani kwangu sikuyafuata.

Jumamosi iliyofuata tulijenga upya, yeye na mimi. Nawe fanya hivi.

Miguu. Kibanda kiinuke futi 3 kutoka chini. Simamisha kila mguu ndani ya mkebe wenye oili chafu ya gari. Siafu hawavuki oili. Angalia pia kwamba ukuta, kamba au majani marefu hayagusi kibanda, maana hayo kwao ni daraja.

Chumba. Jike mmoja yamtosha futi 3 urefu, futi 2 na nusu upana, na futi 2 kwenda juu. Kila sungura mkubwa awe na chumba chake. Madume hupigana, na dume akikaa na jike hutajua siku ya kuzaa.

Sakafu. Hapa usifanye haraka. Tumia vipande vya mbao vya upana wa inchi 1, ukiacha nafasi ya nusu inchi kati yao. Vilainishe, na msumari usichomoze juu. Kinyesi kitaanguka chini na sungura atakaa mkavu. Ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa sungura huenezwa na kinyesi, kwa hiyo sakafu safi ni nusu ya dawa. Kinyesi kilichoanguka ni mbolea ya kabeji zako.

Kuta na paa. Mabanzi, yaani vile vipande vya pembeni vinavyobaki magogo yakipasuliwa, yanafaa kwa pande tatu. Mbele weka waya wa kuku. Mgongo wa kibanda uelekee upepo unakotoka. Paa la bati au nyasi litokeze mbele ili mvua isiingie, na juu ya bati tandaza nyasi kupunguza joto la mchana. Bawaba za mlango kata katika raba ya gurudumu kuukuu. Komeo liwe gumu, mbwa asilifungue.

Mahali pa kuzalia. Jike hubeba mimba siku 31 hivi. Siku ya 27 mtilie kisanduku cha inchi 16 urefu, 12 upana na 12 kimo, chenye nyasi kavu. Atanyonyoa manyoya yake mwenyewe awafunike watoto. Usiwaache watoto wa nyumbani wachungulie kila saa.

Chakula. Nyasi ziwekwe katika hori iliyopigiliwa ukutani, zisikanyagwe. Zianikwe kwanza zinyauke, zisiwe na umande. Majani ya viazi vya kizungu usimpe kamwe, yana sumu. Maji safi yawepo mchana na usiku.

Jike yule alizaa tena, na watoto watano walifika wiki ya nane. Siku ya kumpandisha binti yangu aliiandika kwa mkaa juu ya mlango. Kila Jumamosi huinama kutazama kama oili ingali katika mikebe yote minne, na sijapata kumkumbusha hata mara moja.