Nani mwenye haki ya kujisifu ukumbini?

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Methali hii hunijia kila ninapoufikiria muziki wa usiku katika mwambao wa Ziwa Viktoria, kutoka kumbi za Kisumu hadi Asembo Bay, kule Rarieda. Huko jina la mtu lina jukwaa lake, nalo huitwa pakruok.

Kwa msomaji asiyeijua desturi hii, pakruok ni majigambo. Nyatiti, ohangla au benga inapopigwa, msikilizaji humtunza mwanamuziki pesa, ala zikatulizwa, naye akapata fursa ya kusifu ukoo wake, kwao, marafiki zake na ampendaye. Neno hili limetokana na kitenzi cha Kijaluo pako, yaani kusifu, likatiwa kiambishi tamati -ruok kinachomrejeshea mtendaji tendo lake, kama ifanyavyo -ji- katika kitenzi chetu kujisifu. Maana yake ni nzito: hapa mtu hapewi jina, hujipa.

Sasa tuyatazame majina ya watu wapendanao wakiwa wa jinsia moja. Shoga, msenge, basha, hanithi: yote ni majina ya kupachikwa, na aghalabu ni ya kutusiwa. Hata shoga, ambalo kwa wanawake wa pwani ni wito wa mapenzi baina ya marafiki, limegeuzwa jiwe la kurushiwa wenzao na wanafunzi viwanjani. Nao wasemao kwamba watu hawa waliletwa juzi na wageni, yafaa wajiulize: iweje lugha iwe na msamiati wa kale wa kumtaja mtu asiyekuwapo?

Kilicholetwa na wageni ni sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotishia kifungo cha miaka 14, kina asili yake katika sheria ambayo Waingereza waliiandikia India mwaka 1860. Huko India, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2018 kwamba sheria hiyo haiwahusu tena watu wazima walioridhiana. Hapa Kenya, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta kifungo chetu tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo, Februari 2023, majaji watatu dhidi ya wawili wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba watu hawa wana haki ya kusajili chama chao. Kuketi mezani na kusikiliza benga si kosa katika kifungo chochote.

Lakini atakayewataja wapenzi wake hadharani ataponaje? Hapa lugha imekuwa na huruma kuliko wasemaji wake. Katika pakruok, atamkaye nyar Asembo amesema binti wa Asembo. Atamkaye wuod Asembo amesema mwana wa kiume. Kiambishi ja-, kwa upande mwingine, humtaja mtu bila kulazimisha jinsia. Jaherana ni mpenzi wangu, basi. Kiwakilishi en nacho hakibagui, sawa na yeye ya Kiswahili. Mtu aweza kumsifu mwandani wake mbele ya ukumbi mzima, akashangiliwa, na siri ikabaki moyoni.

Hata hivyo, kichaka cha sarufi si makao. Pakruok ilikusudiwa kumtoa mtu gizani, wala si kumfundisha kujificha vizuri zaidi. Kwa hiyo nadai kwamba mwenye ukumbi anayepokea pesa ya kila mteja, akampa kipaza sauti na kumlinda dhidi ya ngumi za walevi, haigi Ulaya. Anaitunza desturi ya ziwa. Anayemfukuza mteja kwa sababu ya ampendaye ndiye aliyeivunja, hata kama bendi yake yapiga benga safi kama ya marehemu Owino Misiani.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, kazi yetu haingoji usiku. Neno shoga litakaporushwa tena darasani, tusilipite kimya kana kwamba ni mzaha. Tuulize limetoka wapi, nani amelipachika, na je, aliyepachikwa aliwahi kupewa nafasi ya kujitaja mwenyewe?