Mtambo Ukizimwa, Nani Abebe Lawama?



Ajali ikitokea kazini, neno la kwanza kusikika ni "uzembe wa mfanyakazi." Leo tunaeleza ajali moja ya Ulaya, tuone jinsi lawama inavyomwangukia mtu wa chini.

Kwanza, kazi yenyewe. Mwongoza ndege hukaa chumbani mbele ya kioo. Rada hupeleka mawimbi ya redio angani. Yakigonga ndege hurudi, na ndege ikaonekana kiooni kama alama ndogo. Mtambo mwingine hupiga hesabu ya njia za ndege, na zikikaribia kugongana humwonya. Marubani huongea nao kwa redio, na vituo vya jirani kwa simu.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, katika kituo cha Zurich, Uswisi, mafundi walikuwa wakitengeneza mitambo. Rada ilifanya kazi kwa upungufu, onyo la kwenye kioo halikuwapo, na simu kuu ilikuwa imezimwa. Simu ya akiba nayo ilikuwa mbovu. Mwongoza ndege wa zamu hakuelezwa kwamba onyo lile halipo. Tena alikuwa peke yake akihudumia meza mbili, maana mwenzake alikwenda kupumzika. Hiyo ilikuwa desturi ya miaka, wakubwa wakiijua na kuinyamazia.

Alipokuwa akihangaika kuupigia simu uwanja wa Friedrichshafen kwa ajili ya ndege iliyochelewa, ndege nyingine mbili zilikuwa zikikaribiana katika kimo kimoja. Waongoza ndege wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari wakapiga simu Zurich, haikupatikana. Yeye alipogundua, ilibaki chini ya dakika moja. Akaiamuru ndege moja ishuke. Chombo cha tahadhari ndani ya ndege hiyo kikaiamuru ipande, lakini rubani alimfuata mwongoza ndege. Ndege ya pili, ikifuata chombo chake, nayo ikashuka. Ziligongana karibu na mji wa Überlingen. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto.

Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wasimamizi wanne wa kampuni iliyoendesha kituo hicho. Mwongoza ndege hakuiona hukumu hiyo. Februari 2004 aliuawa nyumbani kwake na baba mmoja aliyepoteza mke na watoto wawili katika ajali ile.

Wenzetu wa viwandani na mashambani, mnaufahamu usiku wa namna hii: fundi amefungua mashine, kinga imeondolewa, kengele haifanyi kazi, na zamu ina mtu mmoja mahali pa wawili. Kazi inaendelea kama kawaida.

Kwa hiyo tunashauri, kabla ya kupokea zamu wakati wa matengenezo, muulizeni msimamizi mambo manne. Kitu gani kimezimwa? Mpaka saa ngapi? Badala yake kuna nini? Nani ameongezwa kusaidia? Majibu yaandikwe katika daftari la zamu, na mjumbe wa chama aonyeshwe. Pasipo jibu, mjumbe aitwe kabla mashine haijawashwa.

Kuuliza hivyo si ukaidi. Usiku ule pale Zurich, hakuna aliyemwambia mtu wa zamu kwamba onyo la kwenye kioo halipo.