Wabohemia Wasiotoka Bohemia

Bohemia ni eneo la magharibi mwa Chekia, na mji wake mkuu ni Prague. Hata hivyo, msemaji wa Kiingereza au Kifaransa anapomwita mtu Mbohemia, aghalabu hafikirii Prague. Anamfikiria mchoraji, mwandishi au mwanamuziki asiyejali desturi: mavazi ya kipekee, mijadala ya usiku kucha, mapenzi bila ndoa, kodi ya chumba isiyolipwa. Ili jina la nchi lifike kwa wasanii hawa, lilipitia kwanza kwa watu wa tatu, na hao ndio wanaosahaulika.

Watu hao ni Waroma. Lugha yao inashuhudia kwamba asili yao ni kaskazini mwa India, lakini walipoingia Ulaya Magharibi mwanzoni mwa karne ya 15 wenyeji hawakujua hilo. Kundi lililofika nje ya Paris mwaka 1427 lilijieleza kuwa limetoka Misri, na Waingereza wakawapa jina linalotokana na Misri. Wafaransa walipendelea Bohemia, pengine kwa kuwa baadhi ya Waroma walibeba barua za ulinzi za Sigismund, aliyekuwa mfalme wa huko. Majina yote mawili yalikosea. Kwa karne nne neno la Kifaransa lilimaanisha mzururaji, mpiga ramli, mtu wa kushukiwa. Mwaka 1831, katika riwaya ya Victor Hugo kuhusu kanisa la Notre-Dame, Esmeralda bado anaitwa kwa majina hayo mawili, na jina lenyewe linatosha kumtilia mashaka mbele ya mahakama.

Mabadiliko yalikuja miaka hiyohiyo, na chanzo chake kilikuwa cha kiuchumi. Zamani msanii wa Ufaransa alitegemea mfadhili: mfalme, kanisa au kabaila. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ufadhili huo ulififia, naye akabaki mikononi mwa soko, yaani wachapishaji, magazeti na wanunuzi wa tabaka la kati. Vijana wenye elimu walimiminika Paris wengi kuliko kazi zilizokuwapo. Wakapanga vyumba vya chini ya paa, ambako kodi ilikuwa nafuu kwa sababu ya ngazi nyingi na baridi kali. Walifananishwa na Waroma kwa kuhamahama na kukosa kipato cha uhakika, nao wakalipokea tusi hilo kama cheo.

Aliyelitangaza zaidi ni Henri Murger, mtoto wa fundi cherehani. Hadithi zake kuhusu maisha hayo zilianza kutoka gazetini mwaka 1845, zikawa tamthilia mwaka 1849 na kitabu mwaka 1851. Kundi la rafiki zake lilijiita Wanywaji Maji, kwa kuwa mvinyo hawakuumudu. Murger hakuupamba ufukara. Aliyaona maisha hayo kuwa hatua tu ya safari ya msanii, nayo huweza kuishia katika heshima ya Akademia, au hospitalini, au katika chumba cha maiti. Opera ya Puccini, La bohème, iliyoonyeshwa kwanza Turin mwaka 1896, ilimuua mhusika wake Mimi kwa kifua kikuu kila usiku, lakini hadhira ilitoka na kumbukumbu ya mapenzi.

Tangu hapo neno hili hutenganisha umaskini wa kuchagua na umaskini wa kuzaliwa nao. Mtoto wa tajiri akiiacha ofisi ya baba yake akahamia chumba kibovu ili achore, ni Mbohemia. Jirani yake asiye na pengine pa kwenda ni fukara tu. Klabu ya Wabohemia iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1872, ambayo waandishi wa habari walikuwa miongoni mwa waasisi wake, baadaye ilitawaliwa na matajiri na wanasiasa. Hata muziki umelirithi neno: Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alilitumia mwaka 1975 katika jina la wimbo usio na kiitikio, unaotoka kwenye uimbaji wa taratibu, ukaingia opera, kisha roki. Hapo linasifu uhuru wa umbo.

Sifa hiyo haikuwafikia Waroma. Huko Lety, ndani ya Bohemia yenyewe, takriban watu 1,300 walifungwa katika kambi ya Waroma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, chini ya walinzi Wacheki. Zaidi ya 300 walifia humo, wengi wao watoto, na mamia walipelekwa Auschwitz. Idadi kubwa ya Waroma wa Bohemia na Moravia hawakunusurika vita. Katika miaka ya 1970 palijengwa mradi mkubwa wa kufuga nguruwe mahali hapo, nao ukabaki kwa miongo kadhaa huku jamaa za waliokufa wakidai uondolewe. Ulibomolewa mwaka 2022, na mnara wa kumbukumbu ulifunguliwa mwaka 2024.